Sura ya Sita: Rubani Aliyekimbia Kahawa

Mguno ulikuwa palepale ulipokuwa jana. Bi Tena alibana hedifoni masikioni kwa viganja vyote viwili, akaisikiliza rekodi upya. Kwanza sauti ya rubani mkuu, tulivu kama ya mtu anayeagiza chai: "Barakoa. Vaa kwanza, tutaongea baadaye." Kisha kelele za mipira ikivutwa usoni, pumzi nzito, mazungumzo mafupi na waongozaji wa ndege walioko ardhini, na ndege ikaanza kushuka kwa kasi. Halafu ule mguno. Mtu mzima aliyeumia, anayejitahidi asisikike.

"Tena," alimwambia fundi wa sauti.

Neno hilo ndilo lililompa jina. Ofisi nzima ya uchunguzi wa ajali za ndege ilimwita Bi Tena, mbele yake na nyuma yake, na yeye hakujali, maana katika miaka yote ya kazi hiyo hakuwahi kuupata ukweli kwa kusikiliza mara moja. Alikuwa mwanamke mnene, miwani yake imening'inia kwa uzi shingoni, na ulimi wake haukujua kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa.

Kisa chenyewe kilikwisha kugeuka mzaha mjini. Ndege ya abiria iliyojaa pomoni ilikuwa katikati ya safari pale rubani mkuu alipotangaza kuwa hewa ya chumba cha marubani imeingia moshi wa sumu. Aliiteremsha kwenye uwanja wa karibu, akaisimamisha katikati ya njia ya kutua, akaamuru watu wote watoke kwa mitelezo ya dharura. Mama mmoja mtu mzima alivunjika mguu. Mafundi walipoingia hawakukuta moto, wala waya ulioungua, wala doa la masizi. Wahudumu wote waliapa kwamba walichonusa wao ni kahawa. Rubani msaidizi, aliyekaa kiti cha jirani, alisema hakunusa kitu. Basi watu wakapata la kucheka: rubani aliyekimbia kahawa.

Kampuni haikucheka. Ilitaka kamati ya nidhamu imnyang'anye leseni kwa kutaharuki angani, na kamati ilikuwa inakaa kesho asubuhi. Mtuhumiwa mwenyewe, ambaye wenzake walimwita Kimya, alikuwa ametoa maelezo mafupi kwa wachunguzi peke yao: harufu ya soksi zilizolowa, ukungu mwembamba, kichwa kuuma. Baada ya hapo akafunga mdomo. Jambo hilo lilimuudhi Bi Tena kuliko yote. Wenye makosa huongea sana, na wasio na makosa huongea zaidi. Huyu alikuwa anasubiri kuchinjwa na wala hapigi kelele.

"Anayeguna ni nani?" aliuliza.

"Sote tulidhani ni Kimya," fundi wa sauti alijibu. "Si ndiye aliyechanganyikiwa?"

"Sikuuliza mnavyodhani. Kila barakoa si ina kipaza sauti chake?"

"Inacho."

"Basi zitenganishe."

Kijasho kilimtoka fundi wa sauti, maana alijua kazi hiyo ilipaswa kufanyika siku ya kwanza. Alibonyeza hapa, akavuta pale, akazima upande wa rubani mkuu. Mguno ulibaki. Akazima wa pili, akaurudisha wa kwanza. Mguno ulitoweka, ikabaki pumzi ya Kimya, ndefu na ya mpangilio, ya mtu anayehesabu mambo yake.

"Ah. Ni rubani msaidizi."

"Ambaye ametuambia alikuwa mzima wa afya tangu mwanzo hadi mwisho," Bi Tena alisema, akachukua mkoba wake.

*

Ofisi za kampuni ya ndege zilinukia rangi mpya. Rubani msaidizi alikuwa amekwisha kuketi, kijana mtanashati, sare yake imenyooshwa pasi hadi mikunjo yake ingeweza kukata mkate. Pembeni yake alikaa mkurugenzi wa safari, bwana wa tai nyekundu na tabasamu lisilozima.

"Nipo tu kusikiliza," mkurugenzi alisema.

"Utasikiliza zamu yako ikifika. Kwa sasa nenda kapate chai, bwana mkubwa."

"Huyu ni mfanyakazi wangu."

"Na huu ni uchunguzi wangu. Funga mlango ukitoka, tafadhali."

Alitoka, na tabasamu likatoka naye. Bi Tena alivuta kiti akakaa upande wa kushoto wa kijana. Kijana akageuza kiti chake kidogo. Bi Tena akasogea tena upande uleule, akijifanya anatafuta kalamu, na kijana akageuka tena, mpaka sikio lake la kulia likawa mbele kama la mtu anayesikiliza habari za jirani ukutani.

"Ulinusa nini siku ile, mwanangu?"

"Sikunusa kitu, mama."

"Hata kahawa?"

"Sisi tulikuwa mbele na mlango umefungwa. Kahawa ni mambo ya wahudumu huko nyuma."

"Kwa hiyo nyinyi hamkuletewa kinywaji."

"Tuliletewa. Dada Mkubwa alituletea." Alimaanisha mhudumu kiongozi, ambaye kazini wote walimwita hivyo.

"Kinywaji gani?"

"Kahawa."

"Ulikunywa?"

"Nilikunywa yote."

"Ikawa chini ya pua yako, ya moto, na hukuinusa."

Kijana aligeukia dirisha, sikio la kushoto likarudi upande wa Bi Tena. Nje ya dirisha mtu alikuwa anamwagilia maua, na maji yalisikika wazi kuliko pumzi za waliokuwamo chumbani.

"Kwenye rekodi unaguna," Bi Tena aliendelea. "Ndege inashuka, nawe unaguna kwa maumivu. Ulikuwa unaumwa nini?"

"Sikumbuki kuguna."

Bi Tena aliinama kufunga mkoba wake, na akiwa huko chini, upande wa kushoto, alisema kwa sauti ya chini lakini ya wazi kabisa, "Kiatu chako kimefunguka kamba." Kijana alibaki anatazama dirisha. Hakuangalia hata miguu yake.

Bi Tena alinyanyuka. "Nimesikia una uhusiano na Kimya."

"Namwoa binti yake. Harusi ni wiki ijayo."

"Na kesho mkweo anapokonywa leseni."

Macho ya kijana yalijaa machozi ghafla, akayafuta kwa mkono wa shati lile lililonyooshwa. "Mama, mimi nimesema kweli. Wallahi sikunusa kitu."

"Hilo nakuamini," Bi Tena alimjibu, na kijana akaogopa zaidi kuliko kama angeambiwa mwongo.

*

Ndege ilikuwa imeletwa karakanani, milango wazi, pua yake ndani ya kivuli. Fundi mkuu alimpokea Bi Tena chini ya ngazi. Alikuwa bwana mrefu mwenye njiti ya kiberiti kwenye kona ya mdomo, aliyeihamisha kushoto na kulia kulingana na uzito wa swali. Dada Mkubwa alikuwa tayari juu, ndani ya sare, kucha zake zimepakwa rangi, uso wake umechoka.

"Nataka ufanye yote uliyofanya siku ile," Bi Tena alimwambia. "Toka mlipoingia hadi kabla ya dharura. Usinieleze. Fanya tu."

"Bila abiria?"

"Abiria ni mimi. Nina kiu na sina adabu."

Dada Mkubwa alicheka kidogo, kicheko chake cha kwanza wiki ile, akaanza. Alihesabu vifaa vya dharura kwa kuvigusa. Alijaribu mikanda. Aliingia kwenye jiko la ndege, kile kichochoro chembamba cha vyuma ambamo watu wawili hawapishani bila kuombana radhi, akafungua makabati, akapanga vikombe, akawasha oveni. Mikono yake ilikwenda yenyewe. Ikachukua trei ndogo, ikachana pakiti za kahawa ya unga, ikaimwaga kahawa kavu juu ya trei, ikaisukuma ndani ya oveni tupu na kufunga mlango.

"Simama hapo," Bi Tena alisema. "Hicho ni nini?"

Dada Mkubwa aliitazama oveni. "Hiki? Hiki si kitu. Ni kawaida tu."

"Kawaida ya nani?"

"Yetu wahudumu. Kahawa ikipata moto inaua harufu. Choo kikileta shida, chakula kikimwagika, unachoma kahawa kidogo, ndege nzima inanukia vizuri. Tunafundishana sisi kwa sisi."

"Siku ile kilichokuwa kinanuka ni nini?"

"Hakuna kilichonuka. Niliiwahi."

"Uliwahi nini, dada yangu?"

Fundi mkuu, aliyekuwa ameegemea kiti cha mstari wa kwanza, aliacha kutafuna njiti.

"Ndege hii ina kaharufu kake," Dada Mkubwa alisema hatimaye, na aibu ikampanda usoni. "Kanakuja kanakwenda. Abiria walikuwa wanalalamika. Yaani ungewaona, wanatazamana miguu! Bwana mmoja alivua viatu, mke wake akamgombeza mpaka akaomba ahamishwe kiti, kumbe maskini hana kosa. Basi tukaona bora tuweke kahawa mapema, kabla hatujaruka, watu wasafiri kwa raha."

"Harufu ya nini hasa?"

"Nitasema mnicheke. Soksi. Soksi zilizolowa zikakaa siku nyingi kwenye mfuko."

Bi Tena hakumwambia kwamba Kimya alitumia maneno yaleyale. Alimtazama fundi mkuu, na fundi mkuu alikuwa ameitoa njiti mdomoni.

"Tangu lini?" fundi mkuu aliuliza, sauti imebadilika.

"Tangu iliporudi kutoka matengenezo makubwa."

"Na hukuniambia!"

"Nikwambie nini, kaka? Kwamba ndege inanuka miguu? Mara ile niliposema taa ya chooni inapepesa si ulinitania mwezi mzima?"

Fundi mkuu aliangalia viatu vyake, kwa kuwa ilikuwa kweli. Bi Tena aliwakatiza kabla hawajaanza kukumbushana mengine.

"Fundi, nieleze mimi kama mtoto wa shule. Hewa tunayovuta humu inatoka wapi?"

"Kwenye injini. Inachukuliwa ikiwa safi, kabla ya kukutana na mafuta, inapozwa, inaletwa ndani."

"Na oili ya injini ikivuja ikaingia kwenye hewa hiyo?"

"Oili ya moto inanuka hivyo hivyo alivyosema. Ukiivuta sana kichwa kinauma, mikono inatetemeka, akili inakuwa nzito. Rubani akipatwa na hayo karibu na ardhi..."

"Hewa ya chumba cha marubani inatoka injini ipi?"

"Sehemu kubwa inatoka ya kushoto. Huku nyuma wanapata mchanganyiko wa zote mbili."

"Na iliyofanyiwa matengenezo makubwa ni ipi?"

Fundi mkuu aliitia njiti mfukoni. "Ya kushoto."

"Mlipokagua baada ya dharura mliiwasha?"

"Tuliiwasha. Hatukunusa kitu. Lakini tuliiwasha kwa nguvu ndogo, wenye uwanja hawakutaka kelele." Alikuwa anajitetea na kujihukumu kwa pumzi moja. "Sili, kile kizibo kinachozuia oili isivuje, ikikaa vibaya inaweza kutulia hivyo. Oili inajikusanya taratibu injini ikiwa kwenye nguvu ndogo, halafu ukiipandishia nguvu ndipo inapotemwa yote."

"Basi leo alasiri tutaipandishia. Na oveni itakuwa baridi."

Dada Mkubwa alikaa kwenye kiti cha abiria, mikono usoni. "Mimi nilimwambia kila mtu ni kahawa," alisema kupitia vidole vyake. "Nimemchimbia shimo mwenyewe, jamani. Ni mimi niliyeifunika."

Bi Tena alimfunika shuka la ndege mabegani, akashuka ngazi.

*

Nyumbani kwa Kimya mlango ulifunguliwa na binti yake, bibi harusi mtarajiwa, kichwa kimesukwa nusu na nusu nyingine bado. Sebuleni kulikuwa na vitambaa kila mahali, masanduku ya zawadi, na viti vya kuazima vimepangwa kuelekea ukutani. Kimya alikuwa amekaa katikati ya hayo yote akitengeneza pasi iliyoharibika, skrubu zake zimepangwa kwa ukubwa juu ya sahani.

"Baba haongei," binti alisema, kana kwamba baba hayupo. "Mama kamsema mpaka kachoka. Labda wewe."

"Tuachie nafasi kidogo, mwanangu."

Binti alipoondoka Bi Tena aliketi bila kukaribishwa. "Tumeipata harufu," alisema. "Wahudumu walikuwa wanaifunika kwa kahawa bila kujua ni nini. Alasiri tunaijaribu injini. Nakuomba uje."

Kimya alikaza skrubu moja. "Vizuri. Ndege isiruke."

"Ndilo unalosema? Kesho wanakunyang'anya kazi ya maisha yako."

"Mnaweza kuitengeneza ndege bila mimi."

"Mkweo alikuwa na mafua," Bi Tena alisema.

Bisibisi ilisimama. Kimya aliinua macho taratibu.

"Nani amekwambia?"

"Alikunywa kikombe kizima cha kahawa bila kuisikia harufu yake. Mlipoanza kushuka kwa kasi aliguna, maana mwenye mafua masikio yanamziba, na kwa mwendo ule ni kama kupigiliwa msumari kichwani. La kushoto halijafunguka mpaka leo. Nilimwambia kiatu chake kimefunguka kamba, hakunisikia." Alivaa miwani amwone vizuri. "Swali langu ni kama ulijua."

Kimya aliiweka pasi chini.

"Asubuhi alinisalimia, nikajua. Sauti yenyewe ilikuwa imejaa. Kanuni iko wazi, mwenye mafua haruki, mimi ndiye niliyemfundisha. Lakini alikwisha omba ruhusa ya harusi, na mkurugenzi alimwambia akikosa zamu moja zaidi ruhusa hiyo aisahau. Alinitazama. Hakuniomba kwa mdomo. Ningekuwa kapteni tu, ningemrudisha nyumbani akalale." Akafumba macho. "Nilikuwa mkwe."

"Na sasa unafukuzwa kwa sababu yake."

"Nikisema kwa nini hakunusa, anafukuzwa yeye, wiki ya harusi. Umemwona binti yangu mlangoni? Mimi nimeruka vya kutosha. Yeye ndiyo kwanza anaanza."

Bi Tena alihisi hasira ikimpanda, na hakuificha. "Umefanya hesabu ya watu wa nyumba hii peke yao. Sasa fanya na hii. Kapteni mwingine, ndege nyingine, ananusa soksi. Sekunde ya kwanza mkono unakwenda kwenye barakoa. Ya pili anakukumbuka wewe, wanavyokucheka mjini, leseni yako inavyochukuliwa. Anaurudisha mkono. Anavuta pumzi nyingine, na nyingine, apate uhakika. Nyuma yake kuna watu wamelala na watoto wao mapajani. Utanyamaza na hapo?"

Kimya aliangalia mikono yake. Kutoka chumba cha pili walisikika wanawake wakicheka kwa jambo la nywele.

"Usimtaje wewe," alisema mwishowe. Sauti yake ilikuwa ya kuomba, na ilionekana hakuizoea.

"Nitampa nafasi ajitaje mwenyewe. Akishindwa, nitamtaja mbele ya kamati."

*

Alasiri ndege ilivutwa hadi kwenye uwanja wa kujaribia injini, mbali na majengo. Bi Tena aliwapanga yeye mwenyewe. Fundi mkuu na mwenzake walikaa kwenye chumba cha marubani, barakoa za oksijeni zimening'inia karibu, mlango wao umeachwa wazi. Kwenye viti vya mbele walikaa Dada Mkubwa, mkurugenzi wa tai nyekundu, rubani msaidizi na Kimya. Wakwe hao wawili walisalimiana kwa heshima zote, kisha wakaacha kiti kimoja katikati yao. Bi Tena alisimama kwenye mlango wa kutokea, mkono kwenye komeo.

"Nikisema tunatoka, tunatoka," alitangaza. "Hakuna atakayebaki kunusa kwa starehe."

Injini ya kushoto iliwashwa. Walikaa. Hewa ilipuliza kutoka juu, safi kama ya ndege yoyote. Muda ukapita, na mtetemo mdogo wa sakafu ukaanza kuwatia usingizi. Mkurugenzi aliangalia saa yake, akamwangalia Kimya, na tabasamu likarudi mahali pake.

"Bibi mchunguzi," alisema, "nadhani tumejiridhisha."

"Ipandishie," Bi Tena alimwambia fundi mkuu.

Ngurumo iliijaza ndege, vikombe vikagongana kabatini. Kwanza hakukuwa na kitu. Kisha Dada Mkubwa alishika mkono wa kiti kwa nguvu, kucha zake zikazama kwenye kitambaa.

"Ndiyo hiyo," alisema. "Ee Mungu wangu, ndiyo hiyo!"

Ilikuja nzito, chungu, yenye unyevu ndani yake, ikakaa kooni. Mkurugenzi alichomoa leso akaibana puani, tabasamu limekwisha. Bi Tena mwenyewe alikohoa. Kutoka mbele fundi mkuu alipaza sauti ndani ya barakoa, "Huku kuna ukungu!" na akazima injini mara moja. Bi Tena alisukuma mlango, na upepo wa uwanja ukaingia ukiwa na joto na vumbi. Waliteremka ngazi wakifuta macho, wakasimama kwenye saruji wakivuta pumzi kwa zamu.

"Haya," mkurugenzi alisema mara alipopata sauti. Hakuwa mjinga, na hakukusudia kushindwa. "Ndege inanuka leo. Sili inaweza kuwa imeharibika jana. Siku ile kulikuwa na marubani wawili kwenye chumba kimoja, hewa moja, na mmoja hakunusa kitu. Kijana mzima, mwenye cheti cha afya. Kwa nini hakunusa? Nijibuni hilo, ama kesho tunaendelea."

Wote wakamgeukia rubani msaidizi. Hapo ndipo ilipoonekana. Dada Mkubwa alikuwa ameziba pua kwa skafu, mkurugenzi bado ana leso mkononi, mafundi wanatema mate pembeni. Kijana alikuwa amesimama wima, mikono kandokando, uso wake mkavu. Alikuwa amekaa ndani ya uvundo ule mwanzo hadi mwisho bila kukunja uso.

Bi Tena alikuwa na jibu mdomoni. Aliling'ata.

"Nilikuwa na mafua," kijana alisema. Sauti ilitoka ndogo, akasafisha koo, akarudia kwa nguvu. "Nilikuwa na mafua, bado ninayo. Hata sasa nyinyi mnaziba pua na mimi sisikii kitu. Siku ile Kapteni aliponiambia nivae barakoa, nilidhani amechanganyikiwa. Niliivaa kwa sababu ni mkwe wangu, ningeona aibu kubishana naye. Angekuwa mtu mwingine ningebisha, na sote tungekuwa tumevuta kile kitu." Akamgeukia Kimya. "Nilikuachia ubebe peke yako, Baba. Nisamehe."

Mkurugenzi alikuwa amekwisha kupata uzi mwingine wa kuvuta. "Ulirukaje na mafua? Nani alikuruhusu?"

"Nilificha. Hakuna aliyejua."

"Nilijua mimi," Kimya alisema.

Alikuwa amesogea mbele, akasimama kati ya kijana na mkurugenzi, na kila mtu akashangaa kusikia sauti yake.

"Alikuwa mgonjwa, nilimwona, nikamwacha apande. Dada Mkubwa usilie, dada yangu, ulikuwa unawatunza abiria. Bi Tena, andika. Pale palipoandikwa kwamba nilitaharuki, futa, maana sikutaharuki, na mtu yeyote anayeruka akinusa hiyo harufu avae barakoa bila kuuliza mtu. Halafu andika kwamba kapteni alimrusha msaidizi mgonjwa akijua, kwa sababu alikuwa anamwozesha binti yake. Hilo nililifanya."

"Unajua hilo linaweza kukugharimu leseni ileile," Bi Tena alisema.

"Najua."

"Miezi mingi chini bila kuruka, pengine zaidi."

"Liwe kwa kosa langu, basi. Nilikuwa tayari kuipoteza kwa lisilo langu, na usiku wote sikulala. Leo nitalala." Akashusha pumzi, akamshika mkwewe begani. "Na kesho kwenye kamati mwiteni huyu, mniulize mbele yake. Nitaeleza yote, mwanzo hadi mwisho."

Alianza kueleza palepale juu ya saruji, kwa utaratibu, na katikati akamkalisha kijana kwenye ngazi ya ndege bila kukatiza maneno yake. Mkurugenzi alikunja leso akaitia mfukoni. Bi Tena aliinama, akaanza kuandika.